Kazi Imepewa Mzabuni, Mkataba Wako Kapewa Nani?

Haya niliyasema Jumamosi mbele ya wafagizi, walinzi, wapishi na madereva waliokusanyika Nkuhungu, Dodoma. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nikapunguza marudio tu, kwa ajili ya wale waliokuwa zamu.

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu na kaka zangu, poleni na kazi. Naona wengine mmekuja na sare, maana yake mmetoka zamu ya usiku moja kwa moja, na wengine saa kumi na mbili jioni mnatakiwa getini. Sitazunguka.

Wiki hii mama mmoja alikuja nyumbani kwangu na bahasha ya kaki. Amenipa ruhusa niyaseme haya, ila jina lake na la mwajiri wake nayaacha. Amefanya usafi katika ofisi moja hapa mjini kwa miaka tisa. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni tangazo kwamba usafi sasa utafanywa na kampuni iliyoshinda zabuni, na kwamba "wafanyakazi wote wa kitengo cha usafi watahamishiwa huko". Ya pili ni barua ya kuacha kazi kwa hiari. Ilikuwa imeshachapwa, jina lake limo, tarehe imo, imeachwa nafasi ya sahihi tu. Mama hakusaini. Jumatano yake alipofika kazini, mlinzi alikuwa na orodha mpya, na jina lake halikuwemo. Akaniuliza, "Dada, ile miaka tisa yangu wameiweka wapi?"

Swali hilo ndilo lililonileta hapa. Na nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mji wetu umejaa kazi za namna hii. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, majengo yameota kama uyoga, kuanzia Mtumba mpaka Ihumwa, mahoteli, hosteli za wanafunzi, mabenki, vyuo. Kila jengo linafagiwa na mtu, linalindwa na mtu, na kantini yake ina mtu anayeamka saa tisa usiku kuchemsha chai. Mwenye jengo anaona ni nafuu kutangaza zabuni kuliko kuajiri mwenyewe. Na penye zabuni kuna siku ya mabadiliko, watu wanapoitwa chini ya mti au kwenye chumba cha mikutano wakaambiwa: kesho bosi wenu ni mwingine.

Nianze na ukweli usiopendeza, nisije nikawauzia mbuzi kwenye gunia. Mwajiri hakatazwi kumpa mtu mwingine kazi aliyokuwa anaifanya kwa wafanyakazi wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, inakubali kwamba mtu anaweza kuachishwa kazi kwa sababu ya mahitaji ya uendeshaji. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaeleza mahitaji hayo ni yapi: ya kiuchumi, ya kiteknolojia, na ya kimuundo. Katika hayo ya kimuundo wametaja waziwazi kuhamisha biashara au sehemu ya biashara. Kwa hiyo ukisimama mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, ukasema tu, "Walimpa mzabuni kazi yangu," hujasema kosa la mtu bado.

Kosa liko kwenye namna walivyokutoa. Maana kuachishwa kwa sababu za uendeshaji kuna jina lake, kunaitwa kupunguza wafanyakazi, na kuna njia yake. Hakuna njia ya tatu. Ama bado wewe ni mfanyakazi wa mwajiri wako wa zamani, ama amekupunguza na anadaiwa yote yanayomhusu mtu aliyepunguzwa. Hii habari ya "umehamishiwa kwa mzabuni", kimya kimya, bila malipo, bila kikao, kama meza inayotolewa chumba hiki kupelekwa kile, kwenye sheria yetu sijaiona.

Hapo kuna jambo linachanganya vijana wangu wenye simu. Kijana mmoja aliniambia amesoma mtandaoni kwamba kazi ikipewa kampuni nyingine, mkataba unahama wenyewe pamoja na miaka yote ya utumishi. Hakudanganya. Uingereza wana kanuni za mwaka 2006 zinazosema hivyo: kazi ikihamia kwa mzabuni, wafanyakazi wanakwenda na mikataba yao ilivyo, mshahara uleule, miaka ileile. Afrika Kusini nao, sheria yao ya kazi ya mwaka 1995, kifungu cha 197, inasema biashara ikihama ikiwa hai, mikataba inahama nayo. Lakini hizo ni sheria za kwao. Huku kwetu mkataba hauhami wenyewe. Unahama kwa makubaliano yako wewe, mwajiri wa zamani na mwajiri mpya. Binafsi naona Bunge letu, ambalo liko hapa hapa tunapoishi, lingetunga kifungu cha namna hiyo lingewaponya watu wengi. Mpaka siku hiyo, kinachokulinda ni kupunguzwa kwa utaratibu, na sahihi yako.

Utaratibu wenyewe ni upi? Uko kwenye kifungu cha 38, kwa hesabu ya sheria ilivyotungwa mwaka 2004. Mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya nia ya kupunguza watu mara tu wazo hilo linapomjia. Sikieni maneno hayo: nia, na mara tu. Haikusemwa akishamaliza. Kisha atoe taarifa zote zinazohusika ili mazungumzo yawe ya kweli. Kisha akae na wafanyakazi, au na chama chao cha wafanyakazi, wazungumze sababu za kupunguza, namna ya kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, namna ya kuwachagua, muda, na malipo ya kuachishwa.

Sasa pimeni wenyewe. Zabuni imetangazwa, washindani wameleta makabrasha, mshindi amepatikana, mkataba umesainiwa, sare mpya zimeshonwa. Halafu ndiyo mnaitwa kwenye kikao cha "mashauriano". Mtashauriana nini? Mtaepusha nini? Huo ni mkutano wa kutangaziwa matanga. Ndiyo maana nawaambia kila siku, mkisikia fununu tu kwamba usafi au ulinzi au jiko litapewa mzabuni, msingoje tangazo. Andikeni barua ya kuomba mashauriano, weka tarehe, peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa uondoke nayo. Wakikataa kugonga mhuri, andika nyuma yake nani aliikataa na saa ngapi, mwenzako ashuhudie. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, iwe CHODAWU, TUICO au TUGHE, peleka kwa katibu wa tawi siku hiyohiyo. Na mkishauriana mkashindwa kuelewana, sheria inasema suala lipelekwe kwa msuluhishi. Mwajiri hapaswi kusema "tumeshindwana" akaendelea na safari yake.

Kwenye mashauriano hayo ndiko kwenye nyama, na watu wengi wanapaacha. Hapo ndipo mnapoweza kudai kwamba mzabuni achukue watu wote waliokuwepo. Hapo ndipo mnapoweza kudai yaandikwe kwenye mkataba mpya kwamba utumishi wenu unaendelea kuhesabiwa tangu siku ya kwanza kwa mwajiri wa zamani. Mzabuni akishaanza kazi, hamna tena cha kumshikia.

Nitawaambia yangu. Mimi nilikuwa mpishi katika kantini ya chuo kimoja kuanzia mwaka 2001. Mwaka 2012 tukaitwa nje, chini ya mwarobaini, watu kumi na wanne. Afisa utumishi, kijana mstaarabu sana, akatuambia jiko limepewa mzabuni, lakini tusiwe na wasiwasi, hakuna atakayelala njaa, kila mmoja atasaini karatasi mbili na kesho ataingia jiko lilelile, sufuria zilezile. Nilisaini. Nilikuwa na watoto wawili sekondari, na kalamu ilikuwa inapita haraka. Ya kwanza ilikuwa ya kuacha kazi. Ya pili ilikuwa ya kuanza kwa mzabuni, mkataba wa miezi mitatu mitatu.

Mwezi wa tano tangu tuanze kwake, mzabuni akasema wanafunzi wamepungua. Tukatolewa sita. Nilikwenda chuoni kudai miaka yangu kumi na moja, wakafungua faili wakanionyesha sahihi yangu: mama, wewe uliacha mwenyewe. Nilikwenda kwa mzabuni, akasema kwake nina miezi mitano. Nilibaki katikati ya barabara, huku si kwangu na kule si kwangu. Siutaji huo mji wala hicho chuo, na yule kijana nilishamsamehe, nadhani hata yeye alipewa karatasi akaambiwa agawe. Lakini sahihi ile ndiyo iliyonifanya nianze kujifunza sheria hizi, na mpaka leo nikimwona mtu ameinama kusaini asichokisoma, mkono wangu unatetemeka.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini ile barua ya kuacha kazi kwa hiari inaletwa ikiwa imeshachapwa. Ukiachishwa, sheria inamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha: sababu yake ilikuwa halali, na utaratibu ulikuwa wa haki. Yeye ndiye wa kueleza. Lakini ukishaandika kwamba umeacha mwenyewe, mzigo unaruka kutoka kichwani kwake unatua kwako. Sasa ni wewe utakayethibitisha kwamba ulilazimishwa, kwamba mazingira hayakuvumilika. Karatasi moja, na kesi imegeuka.

Na ile miezi mitano haikuwa ya bahati mbaya. Sehemu ya sheria inayomlinda mfanyakazi dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimhusu mtu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyohuyo. Kwa mwajiri huyohuyo! Mimi mwenye miaka kumi na moja jikoni, siku niliyoingia kwa mzabuni niligeuka mgeni, mtoto wa siku moja, anayeweza kutolewa bila kuuliza sana. Ndiyo maana nasema, ukikubali kwenda kwa mzabuni, hilo la kuendeleza utumishi liandikwe, lisainiwe, na nakala ibaki kwako. Maneno ya mdomo chini ya mwarobaini hayafiki kwa mwamuzi.

Mtu aliyepunguzwa anadai nini? Nitapita haraka, karatasi zipo mezani mtachukua. Mshahara wa siku alizofanya kazi. Likizo ambayo hakuichukua. Notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, au alipwe badala yake. Cheti cha utumishi, msikidharau, ndicho kinachoonyesha kwa mwajiri mwingine kwamba ulikuwepo. Kama uliajiriwa mahali pengine, tuseme ulichukuliwa Manyoni au Kondoa ukaletwa Dodoma, basi usafiri wako na mizigo yako mpaka ulikochukuliwa, na posho ya kujikimu kwa siku zote unazosubiri huo usafiri. Wengi hamlijui hilo la kusubiri.

Na kiinua mgongo. Hapa tufanye hesabu. Ukiwa umemaliza angalau miezi 12 mfululizo, unastahili mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Yule mama wa bahasha, tuchukulie msingi wake kwa siku ni shilingi 10,000. Siku saba ni 70,000. Mara miaka tisa, 630,000. Angekuwa na miaka kumi na minne, angelipwa ya kumi tu, 700,000. Najua mnaguna, na mna haki ya kuguna, si fedha ya kujengea. Lakini sheria imesema angalau. Hicho ni kiwango cha chini, na malipo ya kuachishwa ni moja ya mambo ya kujadiliana kwenye kile kikao nilichosema. Mliokaa kimya kikaoni mmepewa cha chini.

Kuna mtego mmoja hapa, na naomba walinzi hapo nyuma mnisikie, maana ninyi mnapenda kusema "hatuendi" kwa hasira. Sheria inasema aliyepunguzwa akikataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyopewa kwa mwajiri huyo au kwa mwajiri mwingine yeyote, anapoteza kiinua mgongo. Mwajiri mwingine yeyote, na mzabuni ni mwingine yeyote. Kwa hiyo ukiambiwa njoo kwa mzabuni, usikate neno palepale, wala kwa ndiyo wala kwa hapana. Omba kwa maandishi: mshahara kiasi gani, saa ngapi, kituo kipi, mkataba wa muda gani, utumishi wangu wa nyuma unahesabiwa? Ukipewa mshahara uliokatwa nusu na kituo cha Kongwa wakati watoto wanasoma Chang'ombe, una sababu ya kukataa, na sababu hiyo imo kwenye karatasi. Ukikataa kwa kubamiza mlango, huna.

Kuna na la mfuko wa hifadhi. NSSF wanalo fao la kukosa ajira: mwenye michango isiyopungua miezi 18 analipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Fao hilo ni la mtu aliyeachishwa, si la aliyeacha mwenyewe. Kwa hiyo ile barua iliyochapwa inakunyang'anya mara mbili.

Dada pale ananyoosha mkono, anasema yeye hana mkataba wowote, anaitwa kibarua mwaka wa nne. Dada yangu, kutokuwa na karatasi hakukufanyi usiwe mfanyakazi. Sheria ya Taasisi za Kazi, namba 7 ya mwaka 2004, inakuhesabu kuwa mfanyakazi hata likitimia jambo moja tu kati ya haya: unafanya kazi kwa maelekezo yake, anakupangia saa, wewe ni sehemu ya shughuli yake, umemfanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, unamtegemea yeye kwa riziki, anakupa vifaa, au humfanyii mwingine. Ufagio ni wa nani? Nani anakupangia saa kumi na moja alfajiri? Basi. Na ikifika kwenye kesi, asiyeweza kuleta mkataba wa maandishi ni mwajiri, naye ndiye atakayetakiwa kuthibitisha.

Kwenu mlio tayari chini ya kampuni za usafi na ulinzi: mwajiri wenu ni kampuni hiyo, na zabuni yake kuisha si jambo linalofuta haki zenu. Akikosa zabuni, naye anawapunguza, na njia ni ileile ya kifungu cha 38. Kanuni za mwaka 2017 zilisema mkataba wa muda maalumu usipungue miezi 12, hivyo hii mikataba ya miezi mitatu mitatu mnayosainishwa, leteni tuisome. Na watumishi wa umma, wenye barua za Serikali, njia yenu ni tofauti, mnaanzia kwenye ngazi za Sheria ya Utumishi wa Umma kabla ya kwingine. Nitakaa nanyi pembeni.

Sasa siku. Hapa ndipo nilipoanguka mimi, na hapa ndipo watu wengi wanapoangukia, wenye haki yao mkononi. Anayelalamikia kuachishwa isivyo haki anatakiwa apeleke mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hiyo mnayoiita CMA, ndani ya siku 30 tangu aachishwe au tangu mwajiri atoe uamuzi wa mwisho. Madai mengine, kama mishahara, ni siku 60. Kujaza fomu hakulipiwi. Ni Fomu Namba 1, na ina sehemu B ambayo ni ya walioachishwa kazi tu; watu wanairuka sehemu hiyo, halafu wanashangaa. Jina la mwajiri liandikwe kama lilivyo kwenye mkataba au hati ya mshahara, si jina mnaloliita mtaani. Na nakala apewe mwajiri, asaini kwamba amepokea.

Siku 30 hazingoji mazungumzo. Afisa utumishi atakwambia, "Njoo Ijumaa, bosi amesafiri." Utakwenda Ijumaa. "Njoo mwisho wa mwezi." Utakwenda. Anakuheshimu, anakupa soda, na siku zinahesabika. Mimi nilikwenda chuoni mara tisa, kwa adabu zote. Nilipofika Tume ulikuwa mwezi wa nne tangu nitolewe. Unaweza kuomba uongezewe muda, ila unatakiwa ueleze kila siku uliyochelewa ulikuwa wapi, na "nilikuwa naambiwa njoo kesho" ni jibu dhaifu. Zungumza na mwajiri, ndiyo, lakini fomu iwe imeshapelekwa.

Yule mama wa bahasha ameketi hapa mbele, kitenge cha bluu. Getini walimrudisha siku 24 zilizopita. Zimebaki sita, na leo Tume imefungwa, kesho Jumapili. Fomu ninazo hapa mezani, kalamu zipo. Naomba tuanze na yeye. Anayefuata ni nani mwenye barua ya mwezi huu? Njoo ukae hapa karibu, na ulete hati ya mshahara.